Habari Iliyofika Saa Mbili

Mzee Abu wa Ekero alifariki Jumamosi alfajiri, maji ya udhu yakiwa bado hayajamkauka mikononi. Mwanawe mkubwa, Bashir, alipanda baiskeli mpaka Mumias, akamgongea rafiki yake mwenye duka lenye simu, akapiga katika shule ya upili ya wasichana iliyo nje kidogo ya mji wa Kakamega. Huko ndiko alikosoma dada yake, Zeituni. Ilipotimia saa mbili habari ilikuwa imefika. Karani aliiandika kwenye kikaratasi, akakimbia nacho uwanjani na kumpa Madam Mideva, mwalimu wa michezo. Madam akakisoma, akakikunja, akakitia mfukoni.

Siku hiyo, mwaka wa 1996, ilikuwa fainali ya mkoa ya mpira wa magongo, na Zeituni ndiye aliyekuwa kipa.

Zeituni mwenyewe hakujua lolote. Alichokiona ni kwamba Madam, ambaye kwa kawaida hakuwa na neno laini kwa mtu, asubuhi hiyo alipiga magoti akamfunga pedi za miguuni kwa mikono yake. Akampa glukosi pakiti nzima. Akamwita "mwanangu". Zeituni akadhani ni kiherehere cha fainali.

Mechi ilikuwa ianze saa nne. Lakini mvua ya usiku iliacha madimbwi langoni, na marefa walipokagua wakaamua ingoje mpaka saa nane, ardhi ikauke. Wasichana wakakaa chini ya turubai wakila mihogo ya kuchemsha. Zeituni akajilaza, kichwa kwenye paja la Jescah, nahodha wao, akasinzia. Kila alipofumbua macho alimkuta Jescah akimtazama.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu. Lala."

Walishinda bao moja kwa bila. Zeituni aliokoa kona sita au saba, moja kwa kifua, akaanguka matopeni na mpira ukiwa chini yake, na uwanja mzima ukaimba jina lake. Baba yake aliwahi kuja kumtazama mara moja tu, mwaka uliotangulia. Alisimama nyuma kabisa na kanzu yake, akiuliza kila aliyekuwa karibu kwa nini refa amesimamisha mchezo tena. Baadaye alimwambia bintiye, "Sijaelewa kitu, lakini nimeona hawapiti kwako."

Kombe lilipokwisha kukabidhiwa, saa kumi ikiwa imepita kidogo, Madam Mideva alimshika mkono akampeleka nyuma ya lori la shule.

"Zeituni, mwanangu, kuna habari kutoka kwenu. Baba ametuacha."

Zeituni alimtazama mdomo. Maneno aliyasikia vizuri, yote.

"Habari imekuja saa ngapi?"

"Asubuhi." Madam alikitoa kikaratasi mfukoni. "Nilitaka umalize mchezo kwanza. Kesho mapema nitakupeleka mwenyewe, tukae na wenyeji mpaka mazishi."

"Madam, sisi hatungoji. Mtu akifa leo huzikwa leo."

Madam Mideva alikuwa Mmaragoli. Kwao marehemu hulala wiki nzima, mbili hata, jamaa wa Nairobi na Mombasa wakisubiriwa wafike. Akaitazama saa yake. Kisha akakimbia, na viatu vyake vya uwanjani, kumtafuta dereva wa pikapu ya shule.

Wakashika njia ya Mumias. Miwa ilipita upande huu na upande huu. Zeituni alikuwa angali na suruali ya traki, na tope lilianza kukauka magotini. Akalibandua kipande kimoja kimoja na kukidondosha nje ya dirisha. Alijua alipaswa kuwa analia. Alijaribu hata kulikumbuka jina la ugonjwa wa baba yake. Presha. Lilikuwa neno tu.

Walifika saa kumi na moja na nusu. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka nyuma ya nyumba, majembe mabegani, wananawa mikono kwenye pipa. Bashir alimwona dada yake, akaja taratibu.

"Tulikungoja," alisema. "Ilikuwa tumzike adhuhuri. Nikawasihi wazee, wakakubali tusogeze mpaka alasiri. Hapo wakasema basi, maiti hacheleweshwi."

"Sawa," Zeituni akasema.

"Mama alimfunika uso, akamfunua, akamfunika. Alikuwa anasema, Zeituni yuko njiani."

"Sawa, kaka."

Ndani, mama yao alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake. Madam Mideva alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi zenye matope, akachuchumaa mbele yake.

"Mwalimu," mama akasema kwa sauti iliyokauka, "kwani simu haikushika? Bashir alituambia amezungumza na mtu."

Wanawake wote wakamgeukia Madam. Zeituni alisimama kando ya ukuta. Ilikuwa rahisi Madam aseme simu haikushika. Hapakuwa na wa kumpinga.

"Ilishika, Mama. Nilipata habari saa mbili. Ni mimi niliyeificha, kwa ajili ya mchezo. Sikujua mnazikanga siku hiyo hiyo. Lakini hata ningejua..." Akasita. "Hapana. Ningejua ningemleta."

Mama alijifunga upya ushungi wake. Halafu akasema, "Mpeni mwalimu chai," akageuza uso ukutani. Hakusema naye tena.

Zeituni alikaa nyumbani siku nne. Watu walimkumbatia, naye akakumbatiwa. Alikula alichopewa, obusuma, ugali wa kwao, na kuku, bila kujua kama kina chumvi. Siku ya tatu alimwomba Bashir amweleze: nani alimwosha, nani aliingia kaburini, nani alishika upande wa kichwa. Bashir akamweleza yote, mmoja baada ya mwingine. Zeituni alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuchota maji.

Aliporudi shuleni, Jescah alimfuata bwenini akiwa na macho mekundu.

"Hata mimi nilijua. Madam aliniambia nisikuache peke yako. Nipige, basi."

"Nikupige kwa nini?" Zeituni alikuwa anakunja blanketi.

Mwezi wa Aprili timu ilikwenda mashindano ya taifa, Nakuru. Hakuna aliyemuuliza kama angetaka kwenda, naye hakusema hataki. Mpira ulipokuja, mguu ulikwenda wenyewe. Katika nusu fainali alifungwa mabao mawili, na wenzake wakalala kwenye nyasi wakilia kwa sauti. Yeye alifungua pedi zake, akazifuta, akawasaidia kubeba magongo.

Muhula wa pili ulipoanza hakutokea mazoezini. Wiki ya pili Madam Mideva akamkuta maktabani.

"Hutaki kudaka tena?"

"Hapana, Madam."

"Ni kwa sababu yangu?"

Zeituni alifikiri. Alitaka kumpa jibu la kweli, kwa kuwa mwanamke huyu naye alisema kweli mbele ya watu. Akaitafuta hasira, akatafuta huzuni, akangoja kidogo kama zingejitokeza.

"Sijui," alisema mwishowe. "Zikija nitakwambia."

Madam aliitikia kwa kichwa. Aliketi kwenye kiti cha pili, mkono mmoja juu ya meza. Zeituni akarudia ukurasa aliokuwa akiusoma, wa mifereji ya maji huko Uholanzi, akausoma tena kutoka mwanzo. Lango walimpa msichana wa kidato cha pili kutoka Malava. Walisema anaweza.