Kafedha Hakusimama

Maharagwe ya siku ile yalikuwa na mawe. Kafedha alikuwa amelitoa moja mdomoni na kuliweka ukingoni mwa sahani, ndipo Lynnette, meneja wa wafanyakazi, alipoingia kantini na kuongeza sauti ya televisheni. Lynnette hakuwa na kawaida ya kufika huko nyuma. Kantini ya wafanyakazi ilijibana baina ya londri na mapipa ya taka ya hoteli, na harufu ya vyote viwili ilikaa kwenye chakula.

"Rais mstaafu ametutoka," alisema. "Mzee Barnaba Kitele. Wametangaza sasa hivi. Naomba sote tusimame, tumpe heshima ya dakika moja."

Viti vikakwaruza sakafu. Wapishi wakavua kofia. Mzee wa bustani, ambaye goti lake moja lilikuwa halikunjiki, alijinyanyua kwa kushika meza. Ruth, aliyeshika na Kafedha mashine moja ya kupiga pasi mashuka, alikuwa ameshaanza kulia.

Kafedha alimega tonge, akachovya mchuzi, akala. Hakukusudia kuonekana. Aliisikia miguu yake ipo pale chini ya meza, mizima, na haikuwa na nia ya kumnyanyua.

"Kafedha," Lynnette alinong'ona.

"Abee."

"Simama."

"Ninakula, madam."

Nyuma yake simu ya mtu ikatoa ule mlio wa kupiga picha.

Baadaye, londri, yeye na Ruth walishika shuka huku na huku na kuliingiza mashineni. Mvuke uliwapiga usoni. Ruth alikuwa na macho mekundu.

"Si ungesimama tu, Kafe? Dakika moja ni nini?"

"Umesimama wewe, yatosha."

"Usinijibu hivyo. Walipotuchomea nyumba Likoni, eti turudi kwetu bara, tulilala kanisani tumefunga mlango kwa viti, watu wa mapanga wanapita nje. Mimi nilikuwa bado msichana wa shule, nakumbuka vizuri. Nani alileta askari? Ni yeye. Asingewaleta, mimi singekuwa hapa."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa askari wale wale walipomaliza kwenu Likoni, wakaja kwetu Kisauni."

Ruth alilivuta shuka lake. Habari ya Tinga, mume wa Kafedha, aliijua, kama walivyoijua wote pale londri.

Tinga alikuwa fundi wa friji. Serikali ya Kitele ilikuwa ikisaka vijana waliosemekana kula kiapo cha kuitenga pwani. Tinga hakula kiapo chochote. Jumapili aliimba kwaya, sauti ya nne. Walimkuta uani mwa jirani ameinamia friji, wanaume wasio na sare, gari lisilo na namba, wakampakia na bisibisi yake mkononi. Kafedha alizunguka vituo vyote vya polisi, kutoka Kisauni hadi Changamwe, na kila kituo kilimwambia hakina mtu huyo. Mwaka ule waandishi wa habari walimuuliza Kitele juu ya vijana wanaopotea. Alisema wapo, wamejificha kwa wake zao wadogo. Ukumbi mzima ukacheka. Kafedha alikisikia kicheko hicho redioni, akiwa na mimba ya binti yake, Velma.

Kwa kuwa hapakuwa na maiti, hapakuwa na matanga. Mama mkwe wake, Mweri, alikataa katakata. Aliiacha nyumba yake Vitengeni akaja kukaa na mkwewe Mishomoroni, huko huko Kisauni, maana Tinga akirudi, alisema, atarudi alikochukuliwa. Miaka saba sasa. Kanisani wanawake hawakujua wamweke Kafedha na wajane au na wenye waume, naye akazoea kukaa benchi la nyuma.

Kesho yake asubuhi picha ilikuwa imeenea. Mwanamke wa sare ya kijani, ameinamia sahani, watu wote wamesimama kumzunguka. Wengine walimwita shujaa. Wengine waliandika kabila lake, na waliyotaka afanyiwe. Saa nne Lynnette alimwita ofisini.

Hakuwa peke yake. Kwenye kochi alikaa mwanamume wa suti ya Kaunda, viatu vinang'aa, tasbihi ya kahawia mkononi. Kafedha alimjua kwa mabango: Bwana Mwidani, aliyewahi kuwa mbunge kwa chama cha Kitele. Sasa alikuwa katika kamati ya mazishi, upande wa pwani. Mwenye hoteli alikuwa rafiki yake.

"Shikamoo," alisema Kafedha.

"Marahaba, dada yangu. Kaa. Umelala salama?"

"Salama."

"Mimi sikulala. Nimepigiwa simu usiku kucha na watu wa usalama. Wanataka kukuchukua. Wasema unavuruga amani, nchi iko katika msiba. Nikawaambia, jamani, huyu ni mtu wetu wa nyumbani, niachieni mimi." Alitabasamu. "Kwenu ni wapi? Vitengeni?"

"Kwa mume wangu ndiko Vitengeni."

"Ah! Watu wangu kabisa. Mumeo anafanya kazi gani?"

Lynnette aliitazama meza.

"Mume wangu alichukuliwa na serikali ya huyo aliyekufa," alisema Kafedha. "Wewe ulikuwa mbunge wetu. Nilikuja ofisini kwako na mama mkwe wangu. Tulikaa kwenye ubao wa nje mpaka jioni, siku mbili. Mlinzi akatwambia umetoka kwa mlango wa nyuma."

Tasbihi ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Pole sana," alisema Mwidani. "Wallahi, pole. Lakini hayo ni mambo ya mahakama. Leo tuzungumze ya leo. Mwili wa Mzee utaletwa Changamwe watu wauage. Wageni wa serikali watalala hoteli hii. Unafikiri watalalia mashuka yaliyopigwa pasi na nani?"

"Madam," Kafedha alimgeukia Lynnette, "nimefukuzwa kazi?"

"Hakuna aliyesema hivyo," alijibu Lynnette. "Utarekodi maneno machache ya kuomba radhi. Halafu utaenda Changamwe na wenzako kuuaga mwili. Mambo yaishe."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa," alisema Mwidani kwa upole ule ule, "mimi nitarudi kwa wale walionipigia simu, niwaambie nimeshindwa. Una mtoto?"

"Ninaye."

"Wa kike au wa kiume?"

Kafedha aliitazama mikono yake, ambayo mvuke ulikuwa umeikunja ngozi.

Walimsimamisha mbele ya ua la plastiki. Lynnette alishika simu. Mara ya kwanza Mwidani alitikisa kichwa.

"Wasoma kama tangazo la maji kukatika. Tena umesema 'marehemu'. Mwite Baba."

"Baba wa nani?"

"Baba wa taifa letu. Baba wa wote. Sema, 'Nisamehe, Baba.'"

Alisema. Wakamrudisha tena, kwa kuwa alikuwa ametazama chini. Mara ya tatu alisema akitazama simu, na Mwidani akanyanyuka, akaitia tasbihi mfukoni, akamshukuru sana.

Jioni alipofika nyumbani, Mweri alikuwa uani ameketi juu ya kibao cha mbuzi, nazi imekunwa nusu. Hakuitikia hodi. Velma alisimama mlangoni akimtazama mama yake, kisha bibi yake, kisha mama yake.

"Mama, shikamoo."

Mweri aliendelea kukuna. Kifuu kilikuwa kimeisha nyama. Meno ya mbuzi yalikuwa yakikwaruza gamba tupu.

"Wamenionyesha," alisema mwishowe. "Kijana wa dukani kaniita, kasema, bibi, njoo umuone mkweo. Umemwita baba."

"Walinilazimisha, mama. Walimtaja mtoto."

"Najua walikulazimisha. Nani asiyejua? Mimi sina hasira na wewe." Sauti yake ilikuwa chini, na Kafedha aliona afadhali angepiga kelele. "Miaka yote hii watu wanambia, Mweri, fanya matanga, mwanao akalale. Nasema hapana, yuhai. Wananicheka. Nilikuwa najua tuko wawili tunaomngoja. Mtu akilazimishwa hata kusema neno hilo, na akalisema, basi hao wamemaliza kazi. Wa kumngoja nimebaki mimi peke yangu. Na mimi nimechoka, mwanangu."

Alfajiri Mweri alifunga kanga zake katika furushi. Aliomba aondoke na Velma, mpaka msiba wa wakubwa upite na watu wa usalama wasahau. Kafedha aliwasindikiza hadi barabarani. Hakuwa na sababu ya kumzuia mtoto. Huko Vitengeni hakuna ambaye angeuvizia mlango wa Mweri.

Ijumaa, basi la hoteli liliwapeleka Changamwe. Kila mmoja alipewa mtandio mweusi wenye sura ya Kitele kwenye pindo. Uwanja ulikuwa umejaa. Wapo waliolia kwa moyo wote, wanawake wa bara wa umri wa Ruth, wazee waliopata mashamba kwake. Wapo waliokuja kuhakikisha. Kijana mmoja alisema kwa sauti, "Nataka nimuone kwa macho yangu, wasije wakatudanganya," na watu wawili wakaangua kicheko kabla ya askari kugeuka.

Foleni ilisogea taratibu, askari kila baada ya hatua chache. "Usisimame. Tazama, pita. Tazama, pita."

Kafedha alifika.

Jeneza lilikuwa na kioo. Ndani yake Kitele alikuwa mdogo kuliko alivyodhani, amepakwa poda, nywele zimechanwa, tai imenyooka. Ncha za masikio yake zilikuwa safi. Kuna mtu aliyemsafisha masikio. Kuna mtu aliyemkata kucha, akamfumba macho, akamvalisha soksi hata kama hakuna atakayeziona. Kafedha hakuwahi kumuona maiti aliyetunzwa namna ile. Aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia kugusa kioo.

"Tinga yuko wapi?" aliuliza. "Mlimuweka wapi?"

Pumzi yake ilikifunika kioo kwa ukungu. Askari alimshika bega akamsukuma mbele, si kwa nguvu, na mwenziwe akapangusa kioo kwa kitambaa cheupe ili anayefuata aone vizuri.

Jumamosi picha yake ilikuwa kwenye kurasa za magazeti. Mwanamke wa mtandio mweusi, macho ameyafumba, anabusu kioo. Chini yake waliandika kwamba hata wale waliomkosea Mzee wamemsamehe. Hoteli iliikuza picha hiyo ikaiweka kwenye ukumbi wa mapokezi, ndani ya fremu ya dhahabu, kando ya kitabu cha rambirambi.

"Ulimwambia nini?" Ruth alimuuliza, londri.

Kafedha alimwambia.

Ruth alishika ncha za shuka bila kuliingiza mashineni.

Simu ya Velma iliingia siku hiyo hiyo baada ya chakula cha mchana. Mtoto alikuwa anatumia simu ya jirani.

"Mama, bibi anasema tunamzika baba."

"Nini?"

"Wamechimba, chini ya mkorosho. Bibi kaleta shati la baba, lile la mistari, wamelikunja kwenye mkeka. Watu wamekuja wengi. Bibi anasema kama waweza, uje kabla ya jua kuzama. Anasema wewe ndiye mwenye msiba."

Kafedha alipanda ngazi hadi ofisini bila kuvua aproni. Lynnette alikuwa na simu sikioni; akamwashiria angoje, akamaliza, akatabasamu. Siku hizi alikuwa akimtabasamia.

"Madam, naomba ruhusa. Ya leo na kesho. Nimefiwa."

"Jamani. Pole! Na nani?"

"Mume wangu."

Tabasamu likabaki usoni, likakosa kazi.

"Kafedha. Mumeo si alipotea zamani?"

"Leo ndiyo tunamzika."

"Wamempata?"

"Hapana."

Lynnette alivua miwani, akasugua mahali ilipokaa puani. Alikuwa amechoka kweli. Tangu Jumanne hakuwa amelala kwake. "Nisikilize. Wajumbe wote wa mazishi wako hapa hadi Jumatatu. Vyumba vimejaa. Nimekataza likizo zote, hata za wagonjwa, nchi nzima iko kwenye msiba. Mumeo, nisamehe kusema, ni miaka saba. Si atangoja hadi Jumanne?"

"Wameshachimba, madam."

"Jumanne," alisema Lynnette. "Nitakupa siku mbili nzima. Na kuna mgeni wa chumba cha juu anasubiri vitambaa vyake vya meza."

Alirudi londri. Simu ilikuwa juu ya meza ya kukunjia, na skrini yake ilikuwa ikiwaka. Velma alikuwa amepiga tena na Ruth ameipokea. Ruth alimpa. Ndani ya simu palikuwa na upepo, na nyuma ya upepo wanawake walikuwa wanalia, sauti ya Mweri ikiwa juu ya zote, ikimwita mwanawe kwa jina lake la utotoni ambalo Kafedha hakuwahi kulisikia likitamkwa mbele za watu.

Kafedha aliketi sakafuni baina ya vikapu vya nguo chafu. Alitia ncha ya aproni mdomoni akauma, lakini sauti ilipita. Huko kwenye korido viatu vilikuwa vinakuja, viatu vya ngozi, na mazungumzo ya wageni wakionyeshwa hoteli.

Ruth aliutazama mlango. Kisha akaenda kwenye mashine ya kupiga pasi, ambayo haikuwa na shuka hata moja, akaiwasha, akaongeza kasi mpaka mwisho. Rola za chuma zikaanza kuzunguka tupu, kwa ngurumo, mvuke ukijaa chumbani, na Kafedha akafungua mdomo.