Pini Iliyobaki

“Sijasema huwezi, Baba. Nimesema kabureta umeshaisafisha.”

“Lini?”

“Jana. Na juzi.”

“Acha uongo, mama.” Alikuwa ameinamia injini, mikono imelowa petroli mpaka viwikoni. “Kabureta husafishwa mara moja kwa miezi mitatu. Nimeanza kazi hii wewe hujazaliwa. Au chuo kilikupa diploma ya injini, mimi sikualikwa kwenye mahafali?”

Binti zangu wawili wakaangua kicheko. Walishakaa kiti cha nyuma cha gari, mabegi mapajani. Babu yao ndiye huwapeleka shule. Tangu afunge gereji, kazi hiyo ndiyo inayomtoa kitandani.

Mimi sikucheka. Kwenye sinia lake la vifaa ilibaki pini moja, nyembamba kama sindano. Nimekulia gereji, naijua. Hiyo ndiyo inayoshika boya ndani ya kabureta. Isipokuwepo, boya halizuii petroli, na petroli hufurika juu ya injini ya moto.

“Baba, hii ni ya wapi?”

Aliipokea, akaigeuza kwenye mwanga. Nilimwona akitafuta jibu kichwani, akilikosa.

“Ya akiba,” akasema.

“Ni ya boya.”

“Ya akiba! Unanifundisha kazi mbele ya wajukuu zangu?”

Akabamiza boneti, akaingia, akawasha. Injini ikakohoa, ikashika. Harufu kali ikanipiga puani. Chini ya gari likadondoka tone, likafuata jingine, kisha ikawa michirizi.

Kulikuwa na namna ya upole ya kumwambia. Sikuitafuta. Nilipitisha mkono dirishani, nikazima gari, nikachomoa ufunguo.

“Shukeni wote. Petroli inamwagika. Nawe Baba, shuka.”

Watoto walishuka mbio. Yeye alichukua muda. Alisimama kando ya gari, akaitazama michirizi ile inavyosambaa.

“Nitalirekebisha,” akasema taratibu. “Kesho nitawapeleka.”

“Hapana, Baba. Huendeshi tena.”

Binti yangu mdogo akaanza kulia. Nilitia ufunguo kwenye mkoba, nikafunga zipu, nikawashika watoto mikono. Shule ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na tulishachelewa. Tukatoka getini.