Kitanda cha Dirishani

Wakati wa chai, bibi mshonaji aliyevunjika nyonga alimwomba nesi chombo cha haja.

"Subiri, bibi," alisema nesi bila kugeuza shingo. Wodi nzima ilikuwa yake na mwenzake mmoja.

Bibi akasubiri. Akaomba tena, kwa kunong'ona, maana wageni wa watu walikuwa karibu. Mwishowe mkojo ukamtoka.

"Jamani, bibi! Mtu mzima na akili zako!"

Wagonjwa wengine waligeukia ukutani. Bibi alijifunika shuka usoni, na miguu ya kitanda chake ikazama sakafuni kama imekanyaga tope. Saruji haikupasuka. Mfagizi alipitisha dekio kando yake akaendelea.

Walipomwogesha bila kuvuta pazia, kitanda kilizama tena. Walipomwita "nyonga ya dirishani," kikazama. Fundi wa hospitali alikuja, akagongagonga, akasema sakafu ni nzima. Daktari alilalamikia mgongo, akaletewa kigoda.

Mwanawe wa mwisho, kinyozi, alikuja kumwona. Ilibidi apige magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nipe kile chombo."

Chombo kilikuwa pale pale, mkono wa mwanawe ungekifikia. Kinyozi alitazama huku na huku. Watu walikuwa wengi.

"Ngoja nimwite nesi," alisema, akaenda kusimama ukumbini. Hakumwita mtu. Alisoma tangazo la kunawa mikono, akalirudia, mpaka akaona muda umetosha.

Aliporudi, godoro lilikuwa sawa na sakafu, na shuka limelowa.

"Nisamehe, baba," alisema mama yake. "Nimekuaibisha."

"Hapana, mama," alijibu, akiangalia dirisha.

Kesho yake alikuta kitanda kingine kimewekwa pale pale, kwa kuwa nafasi ilikuwa haba. Juu yake alilala bikizee mgeni anayeumwa kifua. Yule bikizee alisogeza kandambili zake ili kinyozi apite, naye akatambaa uvunguni. Uso wa mama yake ulikuwa chini kidogo ya saruji, kama uso wa mtu ndani ya beseni la maji.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama. Mwambie mwenzangu wa juu asinywe maji mengi."

Kinyozi akatoka uvunguni kufikisha salamu. Bikizee alikuwa ameshasikia. Glasi yake, imejaa tele, alikuwa ameisukuma mbali.