Sahani ya Frandy

Nyumbani kwa Bi Eufemia mtu aliyechelewa chakula cha mchana hakulala njaa. Alipakuliwa pamoja na wenzake, sahani yake ikafunikwa kwa sahani nyingine, ikawekwa juu ya jiko lililozimwa, imngoje. Nyumba zote za mtaa ule wa Santiago, Jamhuri ya Dominika, zilifanya hivyo. Ila katika nyumba hii sahani moja ilikuwa ya Frandy, na Frandy alikuwa ameondoka tangu Februari.

Alipanda boti ya magendo kule pwani ya Miches, aingie Puerto Rico usiku. Hakumwomba mama yake baraka kabla ya kutoka, maana angeiomba, mama angejua, na angejua, angeukalia mlango. Boti ile haikufika ilikokwenda wala haikurudi ilikotoka. Mtaa mzima ulijua maana yake. Bi Eufemia alisema mwanawe yuko huko, hajapata simu tu, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Jioni chakula cha Frandy kilimwagiwa kuku wa jirani. Kesho yake Frandy alipakuliwa tena.

Ni dada yake Frandy, Yudelka, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekwenda chuo kikuu kuandikisha nyumba yao ipokee mwanafunzi wa kigeni. Alijiambia kwamba kitanda kikipata mlalaji, na mama akipata mdomo wa kulisha, ile sahani itakoma yenyewe. Mama alikataa, akanuna, mwisho akakubali kwa sharti moja: mashati ya Frandy yasitolewe kabatini.

Basi Agosti akaja Maren kutoka Minnesota, msichana mrefu, mwenye haya, aliyeomba radhi hata kwa viti alivyojikwaa. Bi Eufemia alimpenda kwa namna yake.

"Huko kwenu chakula mnakitazama tu?" alimuuliza siku ya kwanza. "Umekonda kama mpini wa ufagio. Ukipita uani nitakufagilia."

Maren alijifunza kuomba baraka kila atokapo na kila aingiapo, kama watoto wa nyumba. Alijifunza pia kupenda ukoko wa wali, akiutafuna kwa kishindo hadi mama akamwita farasi. Yudelka alicheka nao, lakini moyoni alikuwa na jambo. Alikuwa amemwambia mgeni kwamba kaka yake anaishi Puerto Rico. Ilikuwa rahisi kusema hivyo. Alipomwona akiitupia jicho ile sahani isiyo na mwenyewe alijiambia, nitamweleza Jumapili. Jumapili zikapita. Maren naye, kwa adabu zake, hakuuliza.

Alhamisi moja Maren aliaga kwamba anakwenda na wenzake milimani Jarabacoa, watakula hukohuko, atarudi jioni. Kwa hiyo mchana ule jikoni ilifunikwa sahani moja tu. Mvua ikafunga barabara, basi lao likageuza. Maren aliingia nyumbani ameloa, akamkuta mama amejilaza, Yudelka amekwisha kula na kurudi shuleni. Akaona sahani; kwa njaa hakuikumbuka ile isiyo na mwenyewe. Akadhani mama, kama kawaida yake, hakuamini kwamba huko milimani kuna chakula, akamwekea. Akala wali, maharage na nyama, akamaliza na ukoko. Akaosha sahani zote mbili, akaenda kujitupa kitandani, akajifunika shuka gubigubi.

Yudelka aliporudi alimkuta mama jikoni, ameishika sahani safi kwa mikono miwili.

"Amekula," mama alisema polepole. "Hata ukoko hakuacha."

Yudelka alikuwa ameviona viatu vya Maren barazani, vikichuruzika maji. Neno moja lingetosha. Lakini tangu Februari hakuwa ameuona uso ule wa mama yake, naye akasogea kumpisha. Mama akampita, akafungua mlango wa chumba cha Frandy. Mtu mrefu amelala kitandani, kajifunika mpaka kichwani. Bi Eufemia akaketi ukingoni, akauweka mkono juu ya shuka.

"Mtoto mpumbavu wewe," alisema. "Unaondoka hata hujaniomba? Mungu akubariki, mwanangu. Mungu akubariki."

Shuka likasogea. Maren akatoa kichwa, macho yamejaa usingizi, akasikia baraka, akaitikia kama alivyofunzwa.

"Nibariki, Mama."

Bi Eufemia hakuuondoa mkono.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, Mama. Asante kwa kuniwekea."

"Haya."

Akainuka, akarudi jikoni akishika ukuta. Maren alimtazama Yudelka mlangoni, na Yudelka akamwambia palepale yale ambayo angemwambia Jumapili zote zile. Maren akalia, akauliza kama anaweza kupika chakula kingine, kilekile. Yudelka akamwacha, akamfuata mama.

Jikoni mama alikuwa ameiinamia sufuria.

"Nenda kamwite Mercedita," alisema bila kugeuka. "Mwambie aje na rozari, atuongoze sala. Tunaanza siku tisa za kumwombea marehemu."

"Mama, pengine..."

"Pengine nini? Sema."

Miezi yote hii Yudelka alikuwa akiomba mama akubali, mtoto asomewe sala zake kama wafu wengine. Sasa mama amekubali, naye ndiye anayesema pengine. Kumbe na yeye, kila alipoingia kutoka shuleni, macho yake yalianzia jikoni. Kumbe na yeye alikuwa akiishi kwa sahani ile.

"Hakuna, Mama."

"Basi nenda. Viatu vya Maren viko barazani; uliviona, ukaniacha niingie. Na upite kwa jirani, tuazime viti."

Yudelka akafika mlangoni, akasimama, akaomba baraka kama kila siku atokapo. Akangoja. Ndani kijiko kilikuwa kikikwangua sufuria, ukoko ukidondoka kwenye ndoo ya taka, vipande vikubwavikubwa. Akaomba tena. Kijiko kikaendelea. Akashuka ngazi, akaenda kumwita Mercedita.