Ng'ombe wa Mzee Wabwile

Siku ya sita bila kwenda choo, Mzee Wabwile alitoka Bokoli alfajiri akaenda mpaka hospitali ya Kitale, mbali na zahanati ya kwao ambako manesi wanamjua mpaka jina la babu yake. Alitaka mgeni amtibu tumbo, arudi nyumbani na heshima yake.

Alipoitwa ndani akamkuta Emmy, mke wa mwanawe Makokha. Wakubwa wa afya walikuwa wamemhamisha kutoka Bungoma juzi, bila kufikiria kwamba nesi ana baba mkwe na baba mkwe ana tumbo. Kwa mila ya Wabukusu, mtu na mke wa mwanawe hata mkono hawapeani. Sasa choo utakitaja vipi?

Emmy aliinamisha kichwa, akashika fomu. Fomu yenyewe ilitungwa na wakubwa haohao, watu wenye choo ndani ya ofisi, na kila swali lilitaka ndiyo ama hapana. Anakohoa? Hapana. Ana homa? Hapana. Wabwile akaona aibu kukataa kila kitu kama mtu aliyekuja kutembea tu, akaanza kukubali. Mwishowe akawa mgonjwa wa kichwa, goti na jino.

Akajiona anarudi Bokoli na dawa ya jino. Tumbo likanguruma. Wote wawili wakajifanya ni lori limepita nje.

Emmy akaweka kalamu chini, akageuza kiti, akaangalia ukuta.

"Baba," akauambia ukuta, "huko nyumbani mnaendeleaje tangu mama atuache? Niambie tu, sina haraka."

"Nyumbani ni kuzuri," Wabwile akasema. "Isipokuwa ng'ombe. Siku sita hajaenda nyuma ya nyumba."

"Pole yake. Anakula nini?"

"Mayai. Na chai ya rangi."

"Ng'ombe wa mayai."

"Ni ng'ombe wa siku hizi, mama. Serikali imeharibu kila kitu."

Emmy akauliza zamani alikuwa anakula nini. Wabwile akaeleza polepole kwamba ilikuwa murere, ile mboga ya kuteleza, kila jioni, na aliyekuwa akiichuma ni marehemu mkewe, Nanyama. Sasa imeota nyuma ya jiko mpaka kiunoni, na ng'ombe hawezi hata kuiangalia.

Emmy alipangusa macho, kisha akauliza kama ng'ombe anatapika, na kama anatoa hewa.

"Mbele ya watu, hapana."

Akampa dawa. Ng'ombe anywe maji vikombe vinane kwa siku. Asipopata nafuu kesho, arudi amwone daktari, mwanaume.

"Na murere achume mwenyewe, baba. Mama hakuipanda iangaliwe."

Keshokutwa yake asubuhi Makokha akapokea ujumbe wa baba yake: "Ambia mkeo ng'ombe ameenda mara mbili na sasa anachuma murere. Hao wakubwa wasithubutu kumhamisha tena."

Makokha akapiga simu mbio, kuuliza baba amenunua ng'ombe lini, na kwa nini anachuma mboga.