Fundo la Nje

Kadija alikuwa anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi hapo Kilwa Masoko, na mchana kutwa alichapa maneno ya watu wengine: barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao, malalamiko ya mipaka ya mashamba. Maneno yake mwenyewe aliyaandika alfajiri, akishaswali, kabla hajaongea na mtu yeyote. Hiyo ilikuwa amri ya Mwalimu Sixbert.

Mwalimu Sixbert alikuwa mstaafu, Mmakonde aliyefundisha Kiswahili miaka mingi. Kila Jumamosi aliwakusanya watu watano kwenye darasa la kuazima akawafundisha kuandika hadithi. Kaa chini saa ileile kila siku, alisema, hata kama utaambulia mistari minne. Usichane ukurasa. Soma kwa sauti, na pale ulimi unapokwama, hapo umedanganya. Jumamosi moja akawaambia, "Kila hadithi itie kitu kimoja ambacho hakuna mtu angeweza kukibuni. Hicho ndicho kitakachomfanya msomaji aamini mengine yote."

Kadija alikuwa nacho.

Mwaka uliotangulia, wakiokota korosho kijijini Tingi, mama yake mdogo, Bi Mastura, alimfungulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Zamani, alipokuwa akiishi kisiwani Songo Songo, mwanawe wa kwanza, Nurdin, wa miaka mitatu, alishikwa na homa. Mumewe, Shamte, akavuka kwenda Masoko kutafuta dawa. Siku ya pili homa ilipopoa na mtoto kusinzia, Bi Mastura alipitisha kipande cha kanga ya kijani kwenye tundu la mlango, akakifunga fundo kwa nje, maana mlango haukuwa na komeo, akaenda harusini mtaa wa pili. Aliporudi alasiri alimkuta mtoto nyuma ya mlango, ameshakata roho. Kile kitambaa, upande wa ndani, kilikuwa kimelowa mate. Watu wote, Shamte akiwa wa kwanza, aliwaambia kwamba mtoto alifia mikononi mwake.

Kadija aliiandika kwa wiki sita. Alibadili jina la mama, kisiwa kikawa kijiji cha bara, mvulana akawa msichana. Kanga alijaribu kuifanya kamba. Akasoma kwa sauti, ikawa hadithi ya mtu yeyote tu. Akairudisha kanga, tena ya kijani. Hadithi ikashinda shindano la redio, ikasomwa Jumapili mchana.

Jumatatu asubuhi Naima, binti wa Bi Mastura, akapiga simu.

"Dada, umefanya nini? Baba hasemi na mama tangu jana."

Jumapili ile Shamte alikuwa barazani anatia mpini jembe, redio inaongea pembeni yake. Ilipotajwa kanga ya kijani aliizima, akamwita mkewe. "Siku ile nilipofika nilikuta kipande cha kanga mlangoni. Ukaniambia ni cha kuzuia mbuzi. Kilikuwa cha nini?" Bi Mastura akaketi chini, na mumewe akaelewa.

Kadija alifunga duka akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Sixbert, akamweleza yote amesimama mlangoni.

"Ulimwomba ruhusa?" Mwalimu akauliza.

"Hukutufundisha hilo, Mwalimu."

Mzee alivua miwani, akakaa nayo mkononi. "Kweli, sikusema. Nilipaswa kulisema siku ya kwanza." Kisha akasema, "Nenda Tingi. Usibebe zawadi wala usijitetee. Nenda na daftari."

Kesho yake akachukua bodaboda. Alimkuta Bi Mastura uani anamenya mihogo. Shamte alikuwa upande wa pili, amewapa mgongo, anakunja magunia ya korosho.

"Shikamoo, mama."

Bi Mastura akamaliza kumenya muhogo aliokuwa nao.

"Umekuja na nini?" akauliza baadaye.

"Daftari."

"Soma basi. Redio ilizimwa katikati."

Kadija akasoma. Alipofika pale mama wa kwenye hadithi anapocheza katikati ya wanawake wenzake, kanga imemdondoka begani kwa furaha, Bi Mastura akainua kisu.

"Hapo. Nani alikwambia nilicheza?"

"Nilibuni, mama. Nilidhani hadithi ita..."

"Sikucheza. Nilikaa pembeni ya mkeka, ndala mkononi, nasema moyoni naondoka sasa hivi, naondoka sasa hivi. Mara chakula, mara bibi harusi anatoka. Sikucheza hata kidogo, Kadija. Siri umeitoa, haya, imeshatoka. Lakini Lindi nzima imesikia nilikuwa nacheza mwanangu anakufa."

Sentensi ile ndiyo Kadija aliyoipenda kuliko zote. Aliisoma kwa sauti mara kumi, na ulimi haukukwama hata mara moja.

"Futa. Andika nilikaa."

Akafuta, akaandika. Bi Mastura akataka asomewe tena kutoka mwanzo, akawa anamsimamisha: homa haikuanza Ijumaa, ilianza Alhamisi, uji mtoto hakuukataa, alikunywa vijiko viwili.

"Andika na boti," Shamte akasema.

Wote wawili wakageuka. Yeye hakugeuka.

"Boti ya asubuhi niliiacha. Dawa nilikuwa nayo mfukoni tangu jioni ya jana yake. Niliangalia mpira usiku, asubuhi nikalala. Nikasema homa ya mtoto ni homa tu, nitakwenda na boti ya mchana."

Bi Mastura akasimama, maganda yakamdondoka mapajani, akaingia ndani.

"Niandike, baba?" Kadija akauliza.

"Muulize yeye."

Kadija aliketi pale mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Naima aliipika ile mihogo, akapeleka sahani ndani. Ikarudi haijaguswa.

Wiki ileile Kadija aliwaomba watu wa redio wasiirudie hadithi yake. Walikubali, lakini walikuwa wameshairudia mara moja. Naima alimwambia kwamba nyumbani watu wameanza kusemeshana, kidogo, habari za maji na shamba. Kadija aliendelea kuamka alfajiri, akakaa mbele ya ukurasa, na kwa miezi miwili hata ile mistari minne haikupatikana.

Halafu siku moja mchana, duka limejaa watu, Bi Mastura akapiga simu mwenyewe.

"Ile habari ya boti iandike. Na mimi niandike nilivyokaa. Ila usimsomee mtu mpaka tuwe tumekufa wote wawili."

"Sawa, mama."

"Na jina lake usilibadili. Aitwe Nurdin."