Siku Saba za Noeline Tulloch

Jumanne asubuhi, Graeme Tulloch akiwa jikoni kwake Oamaru anapaka siagi kwenye mkate wa kuchoma, aliona kibandiko cha manjano kwenye sweta ya mama yake, chini kidogo ya kola. Alikisoma kisu kikiwa bado mkononi. Kilisema kwamba hakuna aliyesema lolote jipya kuhusu Noeline Tulloch kwa siku sitini, na kwamba hali ikiendelea hivyo kwa siku saba zaidi, atafungwa. Mwishoni kilimshukuru kwa mchango wake.

Graeme aliyatambua maneno hayo kwa sababu aliyaandika mwenyewe.

Miaka kumi na tisa iliyopita alitunga programu ndogo ya kusoma tarehe na saa, akaiweka mtandaoni ili anayeitaka aichukue bure. Waliichukua wengi: hospitali, mashirika ya ndege, hata watengenezaji wa friji. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama amekula. Ilipowasumbua walimwandikia malalamiko, na malalamiko yalipomzidi kimo aliweka mfagizi, kama wafanyavyo wenzake wote wa kazi hiyo. Mfagizi ni programu nyingine. Hupita kila siku, akikuta lalamiko limekaa kimya siku sitini hulibandika kibandiko cha manjano, na baada ya siku saba hulifunga. Kulikuwa na wajanja wa kuandika "mimi pia" kila mwezi ili malalamiko yao yasifungwe, basi Graeme akamfundisha mfagizi asihesabu neno lililokwisha kusemwa. Jambo jipya tu ndilo lililookoa shauri. Wenzake walimpongeza sana, na kwa wiki nzima alitembea kifua mbele.

Mwaka huu mfagizi alianza kupita hata nyumbani kwa Graeme. Alifunga geti la nyuma, kisha gari. Kilichofungwa kilibaki palepale, kizima, ila hakikufunguka tena. Graeme alizoea kwenda dukani kwa miguu.

"Kinasemaje?" mama yake aliuliza.

"Utafungwa Jumanne ijayo."

"Mh! Mapema hivyo?"

"Nitalishughulikia, Mama."

"Haya, mwanangu. Kula basi, mkate unapoa."

Kwanza alijaribu kumzima mfagizi. Lakini katika programu ya mfagizi kulikuwa na sheria: badiliko lolote haliingii mpaka mtu wa pili alisome na kuliridhia. Mtu wa pili alikuwa Sione Vaipulu wa Auckland, na Sione naye mfagizi alikuwa amemfunga tangu mwaka juzi. Sheria yenyewe ingeweza kufutwa, ila kuifuta nako kulihitaji ridhaa ya Sione.

Ikabaki kusema jambo jipya. Graeme aliketi mbele ya kompyuta akaandika kwamba mama yake anapenda jamu ya rubabu, ile mboga chachu ya bustanini. Mfagizi akalirudisha: lilikwisha kusemwa. Akaandika kwamba alizaliwa Waimate, kwamba hapendi upepo wa kusini, kwamba hufuma soksi na kumpa kila anayepita mlangoni. Yote yalirudishwa. Baada ya sentensi kumi na moja akaishiwa. Walikuwa wameishi nyumba moja miaka sita, tangu baba yake afariki, na mtu mzima wa miaka hamsini na tatu alikaa pale akitafuta ya kumi na mbili asiipate. Ni aibu, na aliiona hivyo.

Alimpigia simu dada yake Raewyn, aliyeko Brisbane.

"Wee kaka, unaishi naye wewe halafu unaniuliza mimi?"

"Niambie chochote."

"Aliwahi kumchapa mwalimu wangu wa hesabu kwa mwavuli."

"Ulilisema kwenye mazishi ya Baba."

"Basi kamuulize mwenyewe! Yuko chumba cha pili hapo. Huna mdomo?"

Alikusudia kwenda. Ila Alhamisi serikali ya nchi moja ya mbali ilitangaza kwamba Jumatatu itasogeza saa zake zote mbele. Siku nne tu za kurekebisha programu ya saa. Malalamiko yakamiminika. Watu wa mashirika ya ndege walisema ndege zitapishana na abiria. Mmoja aliandika, "Unafanya nini muda wote huu? Kama kazi imekushinda, waachie wanaoiweza." Muuguzi mmoja wa huko aliandika kwa adabu tu kwamba katika wodi yake watoto hupewa dawa kwa kufuata saa hizo. Huyo ndiye aliyemfunga Graeme kwenye kiti.

Jumamosi mchana mama yake alisimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu.

"Graeme, nina neno na wewe."

"Jipya?"

"Sijui. Kwako wewe, labda."

"Nipe dakika tano, Mama."

Akaketi kwenye ukingo wa kitanda na ufumaji wake, akangoja. Graeme alimjibu mtu wa ndege, kisha mwingine, kisha wa tatu aliyetaka aelezwe upya aliyoelezwa wa kwanza. Alipogeuka, kitanda kilikuwa kitupu na jikoni viazi vilikuwa vinachemka.

"Ulitaka kusema nini?" alimuuliza mezani.

"Umechoka, baba. Tutaongea kesho."

Jumapili alikuja tena mara mbili, akamkuta anaandika, akarudi. Jumatatu saa za nchi ile zilisogea, na hakuna ndege iliyopotea wala mtoto aliyekosa dawa. Hakuna pia aliyeandika kusema hivyo. Graeme alilala saa kumi jioni na viatu miguuni, akaamka Jumanne saa tatu asubuhi.

Noeline alikuwa amefungwa. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, macho na mdomo vimefumbwa, vidole vimekaza juu ya sindano za kufumia. Alikuwa na joto, lakini hapumui. Kibandiko kilikuwa kimebadilika rangi kuwa kijivu.

Mereana, muuguzi wa mtaa, alikuja kabla ya saa sita. Alimshika Noeline kifundo cha mkono, akajaribu kumfungua kidole kimoja, akaacha. Kwenye fomu aliandika "amefungwa".

"Wa tatu mwezi huu," alisema. "Pole sana, Graeme. Alishakwambia habari ya jicho?"

"Jicho gani?"

"La kushoto. Halioni tangu baridi ya Juni. Nilitaka nikwambie mimi, akanikatalia katakata. Akasema, 'Niachie, nitamwambia mwenyewe akipata nafasi.'"

"Lakini mimi nilikuwa hapa."

"Ndiyo. Ulikuwa hapahapa."

Mereana alikunja fomu, akaosha kikombe chake, akaondoka. Graeme alikaa na mama yake kitambo, akalia kwa sauti, akiwa upande wa kulia ili amwone endapo angefumbua macho. Kisha akaenda kwenye kompyuta akaandika kuhusu jicho.

Mfagizi alikubali kwamba jambo hilo ni jipya. Hata hivyo alimkumbusha kwamba shauri lililofungwa halifunguliwi, kwa mpango wa Graeme huyohuyo, na kwamba mwenye tatizo linaloendelea afungue shauri jingine. Graeme alifungua jingine. Aliliita "Noeline Tulloch, jicho la kushoto", akaeleza aliyoyajua kwa mistari miwili. Lilipewa namba 4,118, likakaa kwenye foleni nyuma ya mashauri mengine ambayo mtu wa kuyajibu alikuwa yeye peke yake.

Wiki iliyofuata nchi ile ilibadili mawazo na kutangaza kurudisha saa zake nyuma. Graeme aliifanya kazi hiyo kwanza. Siku ya nne mtu asiyemfahamu, wa mji asioutaja, aliandika chini ya shauri la jicho: "Habari. Hili limefikia wapi?"

Graeme alimshukuru kwa kuuliza, akamjibu kwamba kwa sasa hakuna mtu anayelishughulikia.